Namba Nne za Mwisho: Barua ya Wazi kwa Wanaozipeleka Familia za Askari Ng'ambo

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaoketi Pentagon mkipanga nani ahamie wapi na kwa miezi mingapi. Ninyi wa kamati za majeshi katika Seneti na Baraza la Wawakilishi mnaopitisha fedha za uhamisho huo. Na ninyi makamanda wa kambi za Marekani zilizoko Ujerumani, Italia, Japani, Korea Kusini na kwingineko. Mimi ni mke wa sajini. Naishi Ujerumani, huu ni mwaka wangu wa tano. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kuhangaikia sarufi. Wakalimani mnao.

Kila dirisha ninalosimama kambini, swali la kwanza ni lilelile: "Namba nne za mwisho za mdhamini wako?" Mdhamini ni mume wangu, na namba zenyewe ni nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii. Hizo ndizo hufungua faili langu la hospitali, la meno, la sanduku la posta, la shule, hata miadi ya mbwa kwa daktari wa mifugo. Nimezitaja mara nyingi mno, hadi siku moja muuguzi aliniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa nami nikamjibu kwa namba za mume wangu. Tulicheka wote wawili. Nilipofika kwenye gari nilikaa kimya kitambo kabla ya kuwasha injini.

Nitapita njia ndefu kidogo, lakini jambo langu ni moja tu. Mwenzi wa askari aliyeletwa ng'ambo kwa amri yenu hana karatasi iliyo yake. Kitambulisho chake, nyumba yake, matibabu yake, ruhusa yake ya kukaa nchi ya watu na tiketi yake ya kurudi, vyote vimening'inia kwenye sahihi ya mtu mwingine, na mtu huyo mnampeleka porini kila mara. Naomba mlibadili hilo.

Jina letu rasmi ni tegemezi. Najua siku hizi kwenye hotuba mnasema "wanafamilia", na kila Mei mna siku ya kutushukuru, iliyoanzishwa na Rais Ronald Reagan mwaka 1984. Hotuba za siku hiyo huwa nzuri. Lakini fomu na sheria bado zinasema tegemezi. Mkataba wa NATO kuhusu hadhi ya majeshi, uliotiwa sahihi London tarehe 19 Juni 1951, unaeleza katika kifungu cha kwanza kabisa tegemezi ni nani: ni mwenzi wa mwanajeshi, au mtoto wa mwanajeshi anayemtegemea kwa matunzo. Msome tena taratibu. Mtoto ni tegemezi ikiwa anatunzwa na mzazi wake. Mwenzi ni tegemezi kwa kuwa mwenzi, basi. Hata mshahara wangu ungekuwa mara mbili ya ule wa sajini, ningebaki palepale. Nilimsomea mume wangu kifungu hicho usiku mmoja. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo mtoto ana nafasi ya kupandishwa cheo, wewe huna."

Upande wa wenyeji hali ni ya ajabu zaidi. Katika pasipoti yangu nimegongewa muhuri unaosema mimi ni wa familia ya mwanajeshi, na kwa muhuri huo nimesamehewa kibali cha ukaazi na nimesamehewa kujiandikisha manispaa kama wanavyofanya wakazi wengine wote. Msamaha huo ulitungwa kwa nia njema. Lakini nendeni mkajaribu kufungua akaunti katika benki ya mjini, au kuchukua laini ya simu ya mkataba, bila cheti cha manispaa. Kijana wa kaunta atakutazama kwa huruma. Nchi ninayoishi haina habari zangu, na nchi iliyonileta inanijua kwa namba nne za mtu mwingine.

Safari yenyewe ya kuja sitaisimulia sana. Kila aliyehamishwa anaijua: wiki katika makazi ya muda, mizigo iko baharini, godoro la kuazima, vyombo vya kuazima, mtihani wa leseni ya udereva wenye alama za barabarani usizowahi kuziona. Haya nayavumilia na hata nayapenda kidogo. Nimejifunza Kijerumani kwa kusikiliza matangazo ya treni, na bado nikikasirika natangaza kituo kinachofuata. Nataka kuzungumzia Machi 2022.

Tulifika Oktoba 2021 nikiwa na mimba ya miezi minne. Mapema Februari 2022, wiki chache kabla ya Urusi kuivamia Ukraine, kikosi cha mume wangu kiliamriwa kwenda mashariki. Alipewa siku nne. Siku mojawapo kati ya hizo tuliitumia ofisi ya sheria, kwenye foleni ya askari na wake zao, kila mmoja akisubiri hati ya uwakili. Tukapewa hati ya jumla: mke wangu aweza kufanya kwa niaba yangu yote ambayo ningeyafanya mwenyewe. Nilikunja karatasi ile nikaiweka kwenye begi la hospitali, pamoja na soksi za mtoto.

Binti yetu alizaliwa katikati ya Machi, hospitali ya Kijerumani, saa tisa usiku. Mkunga hakujua Kiingereza, nami Kijerumani changu kilikuwa cha vituo vya treni. Tulielewana. Siku chache baadaye nilipeleka karatasi zangu kwenye ofisi ya vizazi ya mji: pasipoti, cheti cha ndoa kilichotafsiriwa, karatasi ya hospitali. Bwana mmoja mwenye miwani alizikagua, akanisogezea kalamu, akasema, "Saini hapa, mama wa mtoto." Nikasaini. Ikawa imekwisha.

Angalieni hilo vizuri, waheshimiwa. Ofisi iliyonitambua kuwa mzazi kwa sahihi yangu peke yangu ni ya serikali ambayo mimi si raia wake na hata daftari lake la wakazi halina jina langu.

Kisha nikaja kwenu. Mtoto alihitaji mambo matatu: ripoti ya kuzaliwa nje ya nchi ili uraia wake uandikwe, pasipoti, na kuingizwa katika daftari la familia za jeshi ili apate matibabu. Wakati ule nilikuwa mkaazi wa kudumu wa Marekani, si raia, kwa hiyo uraia wa mtoto ulitoka kwa baba, na kwa uraia naelewa kwa nini baba anatakiwa atoe kiapo. Silalamikii hilo. Kwa pasipoti ya mtoto aliye chini ya miaka 16 wazazi wote wawili hutakiwa wakubali. Hilo nalo ni ulinzi wa watoto wasiibwe na mzazi mmoja, na nalikubali. Nililokwama nalo ni lile la tatu, lililopaswa kuwa rahisi kuliko yote.

Fomu yake ni namba 1172-2. Kila mke na kila mume wa askari anayesoma hapa anaijua, na pengine ameshaguna. Fomu hiyo husainiwa na mdhamini. Nikatoa hati yangu ya uwakili. Binti wa dirishani aliisoma, akaigeuza, akasema hii ni ya jumla, wao wanataka maalumu, inayotaja kitendo hiki kwa jina lake. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyewaambia askari hivyo siku ile ya foleni. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba yeye hatoi hati, yeye anazipokea. Sitaitaja ofisi hiyo, na yule binti simlaumu. Alikuwa anafuata karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma yake, niliisoma kwa macho yangu.

Mtoto anayezaliwa ng'ambo ana siku 120 za kusajiliwa. Siku hizo zikipita bila usajili, bili ni zako. Mume wangu alikuwa mahali ambapo simu hufanya kazi akipenda Mungu na mnara. Alimpata ofisa wa sheria wa kuthibitisha hati siku ya 61. Karatasi ikasafiri kwa posta ya jeshi. Ilipofika, tarehe moja ilikuwa imeandikwa kwa mtindo wa jeshi, siku kwanza kisha mwezi, na dirisha likataka mwezi kwanza. Ikarudi. Binti yangu aliingia katika daftari lenu siku ya 103 ya maisha yake. Usiku ule nilihesabu: nilikuwa nimetembea hadi dirisha lile mara tisa, mara sita nikiwa na mtoto kifuani.

Mnaweza kusema huo ni mkosi wa mtu mmoja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ndiyo, lakini makaburi haya yamepangwa safu. Ulizeni mstari wowote wa akina mama nje ya zahanati ya kambi. Wapo akina baba pia katika mstari huo, wenzi wa askari wanawake, na wao hupata nyongeza ya kuulizwa kila mara, "Na wewe kikosi gani?"

Januari iliyofuata mtambo wa kupasha joto nyumba yetu uliharibika. Tunaishi nje ya kambi, kwenye nyumba ya kupanga. Mkataba wa pango una jina la mume wangu, kwa sababu posho ya nyumba ya ng'ambo inalipwa kwake. Alikuwa mazoezini, wiki tatu. Mwenye nyumba, mzee mstaarabu, alitaka mpangaji aandike barua rasmi ya malalamiko ili fundi aje kwa bima. Mpangaji si mimi. Nikapiga simu ofisi inayoshughulikia nyumba. Wakaniuliza namba nne, nikazitaja, wakafungua faili, wakaona jina langu limeandikwa chini ya jina la mume wangu, wakasema hawawezi kujadili mkataba na mtu asiyesaini mkataba. Nyuzijoto ndani ya chumba cha mtoto zilikuwa 11. Mwishowe mzee yule alileta hita mbili kutoka nyumbani kwake na kumwita fundi kwa fedha yake. Aliniambia kwa Kijerumani cha polepole, ili nielewe, kwamba yeye haoni ugumu: anayeishi ndani ndiye mpangaji.

Kazi nitaigusa kwa ufupi, maana yamesemwa mengi na ripoti mnazo. Utafiti wenu wenyewe wa mwaka 2021 ulikuta asilimia 21 ya wenzi wa askari walio kwenye soko la ajira hawana kazi, mwaka ambao wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Mimi nilikuwa mhasibu. Kampuni niliyokuwa nayo ilinipenda, ikaniomba nibaki kwa kufanya kazi kwa mtandao, kisha wanasheria wake wakauliza kodi italipwa nchi gani, bima ya jamii nchi gani, na je, hadhi yangu ya mkataba inaniruhusu? Niliuliza kambini. Nilipata majibu matatu kutoka kwa watu watatu, na mmoja wao alinishauri nisiulize tena. Kampuni ikaniaga kwa barua nzuri.

Mmejitahidi, nakubali. Sheria ya Januari 2023 inamwezesha mwenzi kuhama na leseni yake ya kitaaluma kutoka jimbo hadi jimbo. Ni jambo kubwa kwa wauguzi na walimu, ila ukivuka bahari inabaki forodhani. Amri aliyotia sahihi Rais Joe Biden mwezi Juni 2023 iliwatazama wenzi walioajiriwa na serikali, waweze kuendelea na kazi zao kutoka ng'ambo. Sisi tulioajiriwa na watu binafsi tumebaki na jibu la usiulize. Mnapokaa mezani na serikali za wenyeji kujadili mafuta, barabara za ndege na kodi za bia, siamini kwamba swali la mke anayefungua kompyuta yake jikoni haliwezi kupata aya moja.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Nimemfahamu mwanamke mmoja. Sitasema kambi gani wala mwaka gani. Mumewe alikuwa akimpiga. Alijua kuna ofisi ya utetezi wa familia, alijua anaweza kutoa taarifa kwa siri bila kamanda kuambiwa, mabango yako kila choo cha kambi. Kilichomfunga mdomo ni hesabu aliyoifanya kichwani. Akitengana na mtu huyu, kitambulisho chake kinakwisha siku ya talaka, isipokuwa awe na ndoa ya miaka 20 iliyokwenda sambamba na miaka 20 ya utumishi wa mume. Yeye alikuwa na minne. Kitambulisho kikienda, hadhi ya mkataba inakwenda, na muhuri wa pasipoti unabaki wino. Hana akaunti ya benki hapa, hana mkataba wa nyumba. Safari ya kurudi mapema ipo, ila kwa kawaida maombi yake yanaanzia kwa askari na kupitia kamanda wa askari, yaani mezani kwa wakubwa wa mtu yuleyule anayemkimbia. Ndiyo, Congress iliweka katika miaka ya 1990 malipo ya mpito ya miezi 12 hadi 36 kwa mwenzi aliyedhulumiwa, ila hayo huja askari akishahukumiwa, au hatua za kumfukuza kwa kosa hilo zikishaanzishwa. Kabla ya hapo kuna miezi, na katika miezi hiyo mnalala nyumba moja.

Alikaa. Aliondoka kwa uhamisho wa kawaida, pamoja naye, na picha ya kuagana ikapigwa. Mimi ndiye niliyeipiga.

Huwa nasikia hoja kwamba jeshi haliwezi kumpa raia mamlaka yake mwenyewe ndani ya mfumo wa kijeshi, kwamba lazima awepo askari wa kuwajibika. Hoja hiyo haistahimili historia yenu wenyewe. Familia za kwanza za askari wenu zilishuka melini Bremerhaven mwaka 1946. Kwa miaka kumi na moja baada ya hapo, mke wa askari akishtakiwa kwa uhalifu ng'ambo aliweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kama askari. Kisha, Juni 1957, katika kesi ya Reid dhidi ya Covert, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hapana: mke huyu ni raia, ana haki ya baraza la wazee wa mahakama, Katiba haikuachwa bandarini. Kesi zilikuwa mbili, za wanawake wawili, mmoja Uingereza na mwingine Japani, na wote wawili walikuwa wamewaua waume zao. Nisamehewe kwa kusema hivi, lakini yaani ilibidi mume afe kwanza ndipo mke aonekane kuwa mtu kamili mbele ya sheria za kambini.

Mfano wa pili ni wa amani zaidi, na unanihusu. Mwaka 2008 Congress iliandika katika sheria ya ulinzi kwamba mwenzi wa askari anayeishi ng'ambo kwa amri rasmi ahesabiwe kana kwamba anaishi Marekani, na kwamba anaweza kuapa uraia huko huko aliko. Kabla ya hapo, wanawake kama mimi walilazimika kuchagua kati ya kukaa na mume na kutimiza miaka ya uraia. Mimi nimeapa uraia kwa sheria hiyo. Nilitakiwa nionyeshe nakala ya amri ya uhamisho yenye jina langu, na lilikuwapo, mstari wa chini, herufi kubwa. Niliona ajabu kwamba mstari uleule unaonifanya mzigo wa mume wangu katika ofisi zote za kambi ndio ulionifanya raia katika ofisi moja. Kwa hiyo mnaweza. Mliweza mwaka 2008, kwa aya moja.

Na upo wakati mnatuamini kupita kiasi. Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami na mkasa wa Fukushima, maelfu ya wanafamilia waliondoka kwa hiari Japani. Machi 2016 familia za askari walioko Incirlik, Uturuki, ziliamriwa kuondoka. Katika siku kama hizo askari hubaki kazini, na anayepanda ndege ni mwenzi na watoto na sanduku. Kila nyumba ya ng'ambo ina faili la kuondokea dharura. La kwetu liko juu ya kabati, nalisasisha mimi. Humo mnanikabidhi watoto, hati zote, fedha, mbwa, na uamuzi wa kwenda wapi. Siku ya hatari mimi ni kichwa cha familia. Jumatatu ya kawaida siwezi kuripoti bomba.

Ninachoomba si kikubwa kama sauti yangu. Kitambulisho changu tayari kina namba yangu mwenyewe ya Wizara ya Ulinzi, imechapishwa, inasomeka. Amrisheni madirisha yaiulize hiyo. Mkimpeleka askari nje ya kambi kwa zaidi ya wiki chache, amri hiyohiyo ya kumpeleka iwe na aya inayompa mwenzi wake mamlaka ya kusaini usajili wa watoto, kitambulisho, nyumba na shule, bila foleni ya ofisi ya sheria na bila mchezo wa jumla na maalumu. Askari asiyetaka, aseme hataki kwa maandishi, maana ndoa nyingine zina sababu zake. Mkataba wa pango uandikwe majina mawili. Tiketi ya kurudi mapema iwe na mlango wa pili, nje ya ofisi ya kamanda wa kikosi, ambao mwenzi anaweza kuubisha peke yake, na hadhi yake isifutike kabla hajapata muda wa kupanga maisha. Na mkirudi kwenye meza za mikataba, pelekeni swali la kompyuta ya jikoni.

Msione gharama. Askari wenu wa nchi kavu akija Ujerumani na familia hukaa miezi 36. Akija peke yake, 24. Ule mwaka wa ziada mnaoupata, wa askari aliyekwishafundishwa, anayejua barabara na majina ya wenyeji, mnaupata kwa sababu mimi nimekubali kuja.

Mume wangu amesoma barua hii. Alisahihisha jambo moja: hita za mzee zilikuwa tatu, si mbili. Kisha aliniuliza kama nitaweka jina langu. Nilimwambia siweki, kwa ajili ya cheo chake, na tukatazamana, maana hata hilo linapitia kwake.

Kitambulisho changu kinaisha muda mwezi wa kumi. Kikosi kina mazoezi mwezi wa kumi. Fomu ya 1172-2 iko mezani, na nimemwekea kalamu juu yake.

Mke wa sajini,
Ujerumani